Walimu tulio China: Krismasi iko kwenye mkataba, siku ikifika unaingizwa darasani. Mpaka lini?

Wakuu, nimevumilia nimeshindwa. Nafundisha Kiingereza shule ya awali huku jimbo la Henan. Nina shahada ya ualimu, kibali cha kazi na cha ukaazi vyote halali, sijaja kubahatisha. Lakini nilichofanyiwa Krismasi hii kimenichoma na nitakisema.

Kabla hamjanirukia: najua China bara Krismasi si sikukuu ya serikali. Anayetaka mapumziko ya kisheria siku hiyo aende Hong Kong au Macau. Hawa wana Mwaka Mpya wao wa jadi, wana siku ya kusafisha makaburi, wana sikukuu yao ya taifa Oktoba, na hata hizo wakati mwingine wanazifidia kwa kufanya kazi wikendi. Nchi yao, utaratibu wao, sina neno. Ila nani aliwatuma waiandike kwenye mkataba? Dalali alinionyesha kipengele hicho kabla sijasaini: 25 Desemba, siku moja, mshahara kamili. Kwa mtu wa Rombo, ambako Desemba ukoo mzima unarudi nyumbani, hilo si jambo dogo. Ndilo lililonifanya nikubali.

Wiki ya Krismasi namkumbusha mkuu wa shule, ananiambia haiwezekani, kuna onyesho la wazazi. Nikaomba basi jioni ya tarehe 24 niwahi misa ya mkesha. Kanisa lipo, limesajiliwa na serikali, wageni tunaingia bila shida, ni vituo vichache tu vya metro. Jibu: kuna mazoezi ya mwisho ya onyesho, na nikiondoka nakatwa mshahara. Nikafungua mkataba nimwonyeshe. Akacheka. Mwalimu msaidizi wangu, binti wa Kichina mwenye roho nzuri sana, ndiye aliyenisomea upande wa Kichina. Kumbe kule wameandika "sikukuu za kitaifa" tu. Krismasi haimo. Na kipengele cha mwisho kinasema lugha mbili zikipishana, Kichina ndicho kinachosimama. Huo ni utapeli, tuuite kwa jina lake. Aliyeandika upande wa Kiingereza alijua kabisa anachokifanya.

Sasa sikilizeni la onyesho lenyewe. Karibu mwezi mzima nimewafundisha watoto wa miaka minne nyimbo. Ndevu za pamba nimezibandika mimi, moja moja, gundi imenikaukia vidoleni mpaka ngozi inachunika. Asubuhi ya tarehe 25 naingia ukumbini nimkute kijana wa Kizungu, mwanafunzi wa chuo kutoka Urusi, amevalishwa joho jekundu. Amekodiwa kwa saa mbili. Sina ugomvi naye, katafuta hela yake kama wengine. Ila yeye ndiye aliyesimamishwa mbele, wazazi wakaambiwa huyu ni mwalimu wetu wa kigeni, na mimi nikapewa kiroba cha zawadi nishike nyuma ya pazia. Mtoto mmoja alitoka kwenye mstari akaja kunivuta mkono niende naye mbele. Akarudishwa. Jioni video ikawekwa WeChat ya shule. Sauti yangu imo, nikihesabu moja mbili tatu watoto waanze kuimba. Sura yangu haimo hata mara moja.

Na nyie mlio huku mnajua hili halikuanza Desemba. Matangazo ya kazi yanataka paspoti ya Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland au Afrika Kusini. Sisi Watanzania, Wakenya na Waganda tunachukuliwa kwa mshahara wa chini, tunafanya kazi ile ile, halafu siku ya picha tunafichwa. Inauma kuliko hata hiyo siku ya mapumziko.

Mama alipotoka misa ya kwanza saa mbili na nusu asubuhi, huku ilikuwa saa saba na nusu mchana, watoto wamelala na mimi nimepewa zamu ya kuwalinda. WhatsApp bila VPN haifunguki, na mchana ule VPN iligoma. Nilikuja kumpata usiku, sauti inakatika, ananiuliza, "Umesali mwanangu?" Nikamdanganya mama yangu siku ya Krismasi. Hilo siwasamehi.

Mtu ataniambia acha kazi. Acha uende wapi? Kibali changu kimefungwa kwa mwajiri huyu mmoja. Kuhamia shule nyingine nahitaji barua yake ya kuniachia na kibali kifutwe kwanza, na barua hiyo anaweza kuikalia mpaka ukaazi wangu uishe. Namba ya malalamiko ya kazi, 12333, ninayo kwenye simu. Nikipiga leo, kesho nitaiomba barua kwa nani?

Wazoefu wa huku, naomba majibu ya kueleweka. Kuna aliyewahi kufika usuluhishi wa kazi na mkataba wa lugha mbili akashinda? Barua ya kuachiwa mliipataje kwa mwajiri mkorofi? Na nyie madalali wa Dar na Nairobi mnaosoma hapa, mikataba hiyo mnayo yote, Kichina na Kiingereza. Mtafutieni mtu wa kuisoma kabla hamjamchukulia mtoto wa watu pesa.

Jina la shule sitaliweka sasa. Nikishaishika barua yangu mkononi nitarudi kuliweka hapa hapa.