Tupeane uzoefu: kujifunza kufuma na kusokota uzi huku unalea watoto wadogo, hasa sisi wa baridi ya Nyanda za Juu Kusini

Mama Wawili wa Uyole

Habari zenu wadau, poleni na baridi. Naomba hapa tupeane uzoefu, mimi naanza halafu na wengine mtiririke.

Nina watoto wawili, mkubwa ana miaka 4 na mdogo miezi 9. Mwaka jana mwezi wa sita nilikuwa na mimba ya huyu mdogo, na mnaijua Uyole mwezi wa sita, asubuhi ukifungua mlango unaongea unatoa moshi mdomoni. Nikashuka sokoni Mwanjelwa kutafuta masweta ya mtoto mchanga, mapya yalikuwa mepesi hata upepo unapita, na mtumba mzuri wa watoto, wanaowahi marobota alfajiri ndio wanaoupata, mimi na tumbo langu nafika saa nne nakuta mabaki. Nikarudi nyumbani nimejiinamia, mama mdogo aliyekuja kunisaidia akaniambia lete uzi nikufundishe kufuma mwenyewe.

Sindano zangu za kwanza zilikuwa spoku mbili za baiskeli, alizisugua ncha kwenye jiwe mpaka zikawa hazichomi. Akanionyesha kuanzisha vitanzi, akanionyesha mshono wa mbele na wa nyuma, siku ya nne akaitwa msibani Chunya akaondoka. Nikabaki na kitu nusu kichwani. Wiki nzima nilifuma nikafumua, nikafuma nikafumua, nilichokuwa sikielewa ni kwa nini kipande kinaanza na upana huu kinaishia kimepanuka kama pembe ya khanga. Kumbe mwanzo wa kila mstari nilikuwa naleta uzi mbele kabla ya kuingiza sindano, inazaliwa kitanzi ambacho sikukiita. Nilikuja kuona mwenyewe usiku mmoja nimekaa nahesabu kimoja kimoja, nilianza na 44 na sasa nina 57.

Lakini shida kubwa kwangu haikuwa mikono, ilikuwa hesabu. Na mtoto wa miaka mitatu wakati ule, kila ukifika katikati ya mstari mama maji, mama kojo, mama huyu kuku. Ukirudi hujui ulikuwa wa ngapi. Mkono mmoja wa sweta la kwanza ulitoka mrefu kuliko mwenzake, niliumia sana kwa sababu nilikuwa nimelimaliza na muda wa kujifungua umefika.

Kilichonisaidia ni vibanio vya nguo. Nachukua beseni, mtoto anakaa na vibanio vyake pembeni, kila nikimaliza mstari namwambia bana, anabana kimoja kwenye ukingo wa beseni. Kibanio ni kikubwa, hata mdogo akikishika hakimezeki, maana kuna mtu alinishauri nitumie maharage na nina mtoto anayetambaa, hapana kabisa. Mkubwa kaijua kazi yake na sasa anahesabu mpaka 30 bila kufundishwa na mtu. Sheria nyingine, siachi katikati ya mstari, mtoto akiita namjibu nakuja, namalizia vitanzi vilivyobaki halafu naweka chini. Akiwa amelia kweli naacha hapo hapo lakini hiyo ni tofauti na kuita, mama anaijua.

Sasa nataka kwenda hatua nyingine, nataka kusokota uzi wangu mwenyewe. Kuna aliyejaribu huku kwetu? Karibuni.

Mnyalu wa Kihesa

Kamwene dada. Umenigusa.

Mimi naomba niongelee kitu kimoja tu maana sitaki kimpate mwingine. Mwanangu akiwa na miezi mitatu nilimfumia soksi, nzuri, nene, nilijivunia. Usiku mmoja alilia kuanzia saa tano mpaka alfajiri, nikampa ziwa anakataa, nikampapasa tumbo, shemeji yako akasema ni chango, tukampaka mafuta, hakunyamaza. Asubuhi namvua nguo nimwogeshe, nikivuta soksi ya kushoto analia zaidi. Kidole cha tatu cha mguu kilikuwa kimevimba chekundu kinaelekea kuwa cheusi, na kwenye kifundo chake kuna uzi mmoja umejizungusha mara tatu umezama ndani ya nyama. Ni ule uzi wa nyuma nilioacha mrefu ndani ya soksi bila kuuficha. Tulikimbia zahanati, mhudumu akaukata kwa kimkasi taratibu nami nimemshika mguu, damu ikarudi. Kidole kipo, namshukuru Mungu.

Kwa hiyo jamani soksi na glovu za watoto wachanga zigeuzeni ndani nje kabla ya kuvalisha, kila mara, hata kama umezivalisha jana. Mikia ya nyuzi ichomekeni kwa sindano ya mkono ipite kwenye mishono kurudi na kwenda halafu ndio ukate. Na mtoto akilia bila sababu mvue soksi kwanza kabla ya kuhangaika na tumbo. Kamba za shingoni za kofia mimi sifungi tena, naweka kifungo kikubwa pembeni na nakishonea kwa nyuzi mbili.

Baba Mapacha, Mafinga

Wakuu salama? Najua wengi humu ni kina mama ila na mimi nafuma. Nilijifunza nikiwa mlinzi wa usiku kwenye yadi ya mbao, mzee niliyekuwa napokezana naye zamu alikuwa anafuma kofia ili asisinzie. Sasa hivi mke wangu anafundisha, mchana mapacha wa miaka miwili nashinda nao mimi, usiku naenda kazini. Kwenye kibanda cha zamu nafuma, nyumbani nafumua na kukunja mabonge, kwa sababu kukunja bonge unaweza kufanya huku mtoto kakukalia mapajani, hakuna hesabu ya kupotea.

Uzi mpya ni ghali, mimi natumia mtumba. Sweta la mtu mzima la buku mbili unapata uzi wa masweta mawili matatu ya mtoto, maana la mchanga halizidi gramu 150. Ila usinunue kwa macho. Ligeuze ndani uangalie ubavuni palipounganishwa. Ukikuta pameshonwa overloki rudisha, kitambaa kilikatwa kwa mkasi na ukifumua utapata vipande vipande vya urefu wa upana wa sweta. Unataka lile ambalo ukingo wake unaonyesha vitanzi vimepandana kama mnyororo, hilo ukitafuta mwisho wa uzi pale begani unavuta tu linakimbia lote.

Uzi uliofumuliwa unakuwa umejikunja kama nywele zilizofumuliwa msuko. Usiufume hivyo, sweta litatoka na mabonde. Zungusha kwenye miguu ya kiti kilichogeuzwa, funga sehemu nne kwa uzi mwingine usije ukajichanganya, loweka maji ya uvuguvugu, halafu tundika huku chini umening'iniza chupa ya maji nusu lita. Ukikauka umenyooka.

Na kujua kama ni sufu au plastiki, kata kipande kidogo, kishike kwa koleo, kiwashe mbali na watoto. Sufu inanuka nywele zilizoungua, ukiondoa moto inazima na majivu yanasagika. Akriliki inayeyuka inakuwa kidonge kigumu. Hii si ya kujua tu, kwetu watoto wanaota moto jikoni, akriliki ikishika moto inayeyukia kwenye ngozi. Wanangu masweta ya akriliki hawasogei nayo jikoni, huko wanavaa ya sufu.

Binti wa Makete

Mama Wawili, umeuliza kusokota. Nimejaribu mwaka mzima, nikwambie nilipoanguka ili wewe usianguke.

Nilianza na kondoo. Huku kwetu jirani na Kitulo baridi inaleta barafu mpaka viazi vinaungua majani, nikafikiri kondoo si wapo, manyoya si yapo. Lakini kondoo wengi tunaofuga ni wa nywele, si wale wa sufu ndefu ya kukatwa. Niliomba manyoya wakati wanachinja, nikaosha, nikachana, nikisokota yanachoropoka yote, mafupi na magumu, hayashikani.

Nikahamia kwenye sufi. Wengi tunachanganya, sufu ni ya kondoo na sufi ni ya ule mti msufi, ya kujazia mito. Shangazi yuko Kyela akanitumia mfuko mzima. Laini sana hiyo, ukiigusa unaipenda, ila inateleza na inakatika haraka, haishiki yenyewe kwa yenyewe, na inaruka hewani, mtoto wangu wa mwaka mmoja akaanza kukohoa. Nikairudisha kwenye mito siku hiyo hiyo. Na wewe mwenye mtoto wa miezi 9 usiilete ndani.

Kilichokubali ni pamba. Nilianza na pamba ya duka la dawa ile ya roli, inasokoteka lakini inatoka na vinundu. Baadaye mdogo wa mume wangu anayefanya kazi Bariadi aliniletea pamba ya shambani yenye mbegu zake, kifurushi kama kichwa cha mtu. Unatoa mbegu kwa vidole moja moja huku mtoto ananyonya, kazi ya mkono mmoja hiyo, nimeifanya miezi mingi. Mbegu nilikuwa naziweka kwenye kopo lenye mfuniko maana zinafaa kabisa kumkaba mtoto.

Pamba nyuzinyuzi zake fupi kwa hiyo inataka msokoto mwingi na kijiti chepesi cha kusokotea. Changu ni cha mlanzi, huu huu mwanzi wa pombe ya ulanzi, nimeuchonga mwembamba kama mshikaki nikausugua kwa msasa, chini nimetia kisahani cha udongo nilichokausha. Mara ya kwanza nilikiacha kinang'inia hewani kama nilivyoona kwenye video, pamba inakatika kila dakika kijiti kinaanguka, nilikuwa nalia kweli. Mama mkwe wangu ni Mnyiha wa Mbozi, akaniangalia siku mbili kimya, ya tatu akaniambia mbona unakitundika, bibi yake alikuwa anakizungushia ndani ya kibuyu kilichokatwa. Wanyiha na Wafipa walikuwa wanasokota pamba na kufuma nguo zao kabla ya za dukani hazijafika, mama mkwe hakuwahi kusokota ila aliona akiwa mdogo na picha ile ilibaki. Nikaweka kijiti kwenye bakuli, kinazunguka kimesimama kama pia ya watoto, hakivuti uzi kwa uzito wake. Siku hiyo hiyo nilipata uzi mrefu kama upana wa chumba bila kukatika. Nilimpa ashike, akaupitisha kwenye vidole vyake taratibu mpaka mwisho, hakusema kitu, akaenda kuchemsha chai.

Ukishapata nyuzi mbili unazisokota pamoja kwa kuzungusha upande wa pili, kama ulizungusha kulia sasa unazungusha kushoto, ndio zinashikana na kutulia. Halafu chemsha kwenye maji yenye sabuni kidogo ili msokoto ukae. Nimefuma kofia moja ya mtoto kwa uzi huo, imechukua miezi minne kuanzia kutoa mbegu.

Bibi wa Tukuyu

Wanangu, nimesoma yote. Ndaga fijo. Huku kwetu mvua haiishi, sweta la sufu likilowa siku tatu halijakauka. Msitundike kwenye kamba likiwa linadondosha maji, linarefuka linakuwa gauni. Likamulieni ndani ya taulo, likanyageni kwa mguu, halafu tandazeni juu ya ungo mkubwa pembeni mwa jiko, si juu ya jiko. Na maji ya moto na kusugua kwa nguvu sufu haitaki, inagandamana, sweta la mtu mzima linabaki la mtoto.

Mimi nilifuma na watoto sita. Sindano nilichomeka kwenye nyasi za paa, si kwenye kochi. Kwenye kochi anakaa mtoto.

Jirani wa Makambako

Swali la kweli naomba, si ubishi. Muda wote huo kwa nini usinunue mtumba yakaisha?

Mama Wawili wa Uyole

Jirani nakujibu kweli. Kwa hela mtumba unashinda, sitakudanganya. Lakini mtumba unanunua ulichokikuta na mimi nafuma kipimo cha mwanangu, mikono ikiwa mifupi naokota vitanzi pale mwisho naongeza vidole vitatu, sweta la mkubwa nimeliongeza mara mbili. Na siku nzima nyumbani na watoto kila unachofanya kinarudi kuwa kichafu, vyombo, nguo, sakafu. Kufuma nikifanya mistari sita jioni, kesho naikuta sita.

Mnyalu, nimewavua wote soksi nikazigeuza, nimekuta mkia mmoja mrefu, nimeuchomeka usiku huu huu. Bibi shikamoo, sindano zilikuwa kwenye kochi, nimezitoa. Binti wa Makete, kisahani chako kina uzito gani?

Binti wa Makete

Nilikipima kwenye mzani wa duka la mangi, kijiti na kisahani pamoja gramu 20 na kidogo. Pamba ninayo, nikipata mtu anayepita Uyole nitakufungia kidogo, haijatolewa mbegu.

Mama Wawili wa Uyole

Usitoe mbegu, nitatoa mwenyewe. Leo tumefika kibanio cha 31, imebaki mistari tisa nianze shingo.