MAJIRANI SHINA LETU 🏘️ Kisima, Mtaro na Shida Zote

*Jumatatu*

Mama Salma Katibu 18:52
Wanamtaa habari za jioni. Jumamosi hii msaragambo wa kuosha tenki la kisima. Saa moja kamili asubuhi, siyo saa moja ya Mudi. Masika yanabisha hodi na lile tenki tangu liwekwe juu ya mnara halijaonja brashi. Andikeni majina hapa chini:
1. Mama Salma
2.
3.
4.

Mama Salma Katibu 19:40
Watu 46 kikundini, tiki za bluu 31. Naziona.

Mudi Boda 19:43
2. Mudi (kwa sharti la chai na vitumbua)

Mama Salma Katibu 19:44
Mudi wewe utabeba ndoo kwanza.

Fundi Chande 20:15
Katibu, usiite watu kabla hujajua kazi yenyewe. Tenki ni lita 5,000. Ijumaa jioni pampu izimwe, watu wachote mpaka maji yabaki shubiri moja, maana hayo ndiyo ya kusugulia. Ndani anaingia mmoja, mwembamba, na mwingine anakaa mdomoni kumwangalia muda wote. Buti za mvua zioshwe kabla hazijaingia. Brashi ya plastiki, siyo ya waya. Waya unakwaruza plastiki, na kwenye mikwaruzo ndiko ule utelezi unakojificha.

Fundi Chande 20:17
Na lile tundu la chini la kutolea tope halifanyi kazi. Waliofunga waliliweka sentimita kama kumi juu ya kitako, kwa hiyo tope halitoki lenyewe. Linazolewa kwa kopo na dodoki, linashushwa kwa ndoo na kamba.

Mudi Boda 20:18
Mwembamba hapa ni Mwalimu Komba tu. Sisi wengine tukiingia tunatoka na tenki lenyewe 😂😂

Asha Saluni 20:19
😂😂😂 Mudi na hicho kitambi cha chipsi mayai

Mama Salma Katibu 20:25
Jamani tuko kwenye maji. Dawa ni kiasi gani? Mwalimu?

Mwl. Komba 21:02
Kuua wadudu ndani ya tenki inatakiwa miligramu 50 za klorini kwa kila lita. Lita 5,000 × 50 = gramu 250 za klorini halisi. Klorini ya punje ya asilimia 65 ni 250 ÷ 0.65 = gramu 385. Kwa jiki ya asilimia 3.5 ni lita 7 na kidogo. Tusome kwanza chupa imeandikwa asilimia ngapi, maana zinatofautiana.

Dada Neema Afya 21:10
Mwalimu yuko sahihi. Kwa urahisi sisi hupima gramu 80 za punje kwa kila lita 1,000, kwa hiyo 400 kwa tenki hili. Angalizo:
Punje zinamwagwa kwenye maji ndani ya ndoo ya plastiki. Usimwagie maji juu ya punje, na usitumie sufuria wala ndoo ya bati. Koroga, acha itulie, mimina yale meupe ya juu. Machicha yakiingia kwenye tenki yanaziba koki.
Jiki yenye manukato hapana. Jiki iliyokaa juani dukani nguvu yake imeshapungua, hata kama muuzaji anakuapia.
Na msichanganye na dawa ya choo ile ya asidi. Inatoa hewa inayochoma mapafu, na mtu akiwa ndani ya tenki hatoki.

Dada Neema Afya 21:13
Halafu dawa inakuja BAADA ya kusugua na aliyekuwa ndani kutoka. Ukiweka juu ya utelezi, utelezi unaimaliza dawa na wadudu chini yake wanabaki wamelala. Weka maji robo, mimina dawa, jaza. Fungua koki za kizimba cha kuchotea maji moja moja mpaka usikie harufu, funga. Iache saa 24. Kisha mwaga yote, suuza, jaza upya.

Mama Salma Katibu 21:15
Kwa hiyo Jumamosi mpaka Jumapili hakuna maji. Kila nyumba ijaze madumu Ijumaa. Nyumba zenye wapangaji, mwenye nyumba awajulishe, isiwe chumba namba 4 kinakuja kugonga kwangu Jumapili alfajiri. Mchango elfu tano kila nyumba.

Asha Saluni 21:31
Elfu tano tena? Na zile za turubai?

Mama Salma Katibu 21:32
Asha mambo ya turubai yalishaisha.

Asha Saluni 21:32
Yaliisha kwako.

Mudi Boda 21:33
🍿

*Jumanne*

Mama Kulwa 06:20
Samahanini wapendwa, Dada Neema uko? Doto anaharisha tangu saa nane usiku, ana mwaka na nusu. Nimempa maji ya glukosi

Mudi Boda 06:24
Poleni. Hiyo si zile embe mbichi za jana? Nilimwona na kipande kinamzidi kichwa 😅

Dada Neema Afya 06:31
Mudi kaa pembeni kidogo. Mama Kulwa, acha glukosi, sukari nyingi inazidi kuvuta maji tumboni. Pakiti moja ya ORS (unga wa kurudisha maji mwilini) kwenye lita moja KAMILI ya maji safi. Chupa mbili za nusu lita, usikadirie kwa kikombe. Usiongeze sukari wala soda. Kila akiharisha mpe nusu kikombe kidogo, mililita 50 mpaka 100, kwa kijiko. Akitapika subiri dakika kumi, anza tena polepole. Ziwa lisikatwe. Itakayobaki baada ya saa 24 mwaga.

Dada Neema Afya 06:33
Zinki: kidonge cha miligramu 20, kimoja kwa siku, siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma. Wengi huacha siku ya tatu, ndiyo maana mwezi ujao mtoto anarudia. Walio chini ya miezi sita ni nusu kidonge.
Nijibu haya: macho yameingia ndani? Ukimfinya ngozi ya tumbo inarudi haraka au polepole? Anakojoa? Choo chenyewe kikoje?

Mama Kulwa 06:40
Ngozi inarudi. Amekojoa saa kumi na moja. Choo cha njano, hakina damu

Dada Neema Afya 06:41
Vizuri. Nakuja na pakiti mbili sasa hivi. Na kila mtu asome: mtu mkubwa au mtoto akianza kutoa choo kama maji yaliyooshea mchele, mfululizo, usiandike hapa kusubiri majibu. Kituo cha afya papo hapo, huku unampa ORS njiani. Ushauri kwa simu ni 199, bure.

Mama Kulwa 06:42
Asante mwaya 🙏

Asha Saluni 08:05
Na sisi tunajua kuhara kunaanzia wapi mtaa huu. Mvua ikinyesha kuna mtu anafungua choo. Tumenyamaza miaka.

Mama Salma Katibu 08:09
Asha.

Asha Saluni 08:10
Sijataja jina. Lile tundu la ukutani lenye kipande cha bomba la inchi nne halikujitoboa.

Baba Rama 08:44
Kama mnanisema mimi semeni. Nina vyumba sita na choo kimoja, lori la maji taka haliingii kichochoroni. Mnataka nikibebe kichwani?

Fundi Chande 09:30
Lori haliingii lakini mpira unaingia, Baba Rama. Kutoka barabarani mpaka kwako siyo chini ya mita 50. Mipira inaungwa, ila kila unapozidisha urefu, mvuto unapungua, kwa hiyo shimo liongezwe maji na kukorogwa kwanza. Au zile za magurudumu matatu zenye tanki dogo na pampu ya mkono, zinapita kichochoro chako vizuri, sema zitakwenda na kurudi mara nyingi.
Kinachoshinda ni matambara, pedi na chupa. Zikiziba mpira, vijana wanazitoa kwa ndoano, na hiyo bei ni nyingine.

Fundi Chande 09:34
Na usikubali wakinyonye mpaka chini. Shimo lako ni la tofali bila plasta. Likiwa tupu na udongo wa nje umelowa, kuta zinaingia ndani, na choo kizima kinafuata. Wapunguze, wasikombe. Uliza pia wanakwenda kumwaga wapi. Kama si kwenye mabwawa ya maji taka, umehamisha shida tu mpaka kwa watu wa bondeni.

Baba Rama 09:50
Hiyo nitafanya baada ya masika.

Asha Saluni 09:50
😂😂😂 baada ya masika!! Wakati mvua imeshakunyonyea bure

Mudi Boda 09:51
Baba Rama anataka huduma ya Mungu isiyo na risiti

Mama Salma Katibu 10:02
Tusitoke kwenye mada. Jumamosi. Majina bado ni mawili!!
1. Mama Salma
2. Mudi
3.

Fundi Chande 13:17
Katibu nimepita kisimani. Mada imebadilika. Sakafu ya zege kuzunguka kichwa cha kisima ina ufa unaoingia kidole, unakwenda mpaka kwenye bomba. Bomba lenyewe limesimama juu ya sakafu kama sentimita 10, linatakiwa 30. Maji ya mvua yakituama pale yanafuata bomba kwa nje, yanashuka mpaka chini. Mkiosha tenki leo na kesho mvua ikileta ya Baba Rama, pampu inayapandisha yale yale juu.

Mwl. Komba 13:40
Kwa hiyo ufa kwanza.

Fundi Chande 13:48
Ufa kwanza. Unapanuliwa kwa patasi mpaka uwe kama V, unasafishwa, unalowanishwa, unajazwa saruji moja kwa mchanga tatu. Anayebandika saruji juu ya ufa bila kupanua, mwezi haufiki unafunguka. Ukingo wote unapandishwa kwa zege, saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, unene sentimita 10, walau mita moja kila upande, mteremko uende nje. Kisha juu yatandazwe magunia mabichi, yamwagiwe maji siku saba. Zege ikikauka haraka kwa jua hili inapasuka tena.

Mama Salma Katibu 13:50
Siku saba!! Sasa Jumamosi yangu?

Fundi Chande 13:52
Saruji haina Jumamosi, mama.

Mudi Boda 13:55
Chai ibaki palepale lakini?

Asha Saluni 14:20
Na mfuko wa saruji unatoka kwenye turubai au kwenye elfu tano?

Bibi Kidawa 20:11
🎤 Ujumbe wa sauti (0:52)

Mama Salma Katibu 20:14
Shikamoo bibi 🙏

Mwl. Komba 20:15
Shikamoo bibi.

Fundi Chande 20:15
Shikamoo mama.

Mudi Boda 20:16
Shikamoo bibi. Simu yangu spika mbovu, nani atuandikie

Mwl. Komba 20:24
Bibi anasema hivi: "Marahaba wanangu. Eneo la kisima alilitoa marehemu mzee na mimi nikatia kidole gumba. Hatukulitoa ili wajukuu wa watu wanywe choo. Rama, baba yako alichimba choo mbali na kisima kwa kupima kwa miguu, hatua arobaini, mzee wangu akihesabu naye. Wewe ndiye uliyesogeza. Choo kinyonywe kabla ya tenki kuoshwa. Tundu lizibwe. Na Asha, turubai waliliazima watu wa kwangu, na mimi ndiye niliyesema lisidaiwe. Basi."

Mama Salma Katibu 20:31
Tumesikia bibi.

Asha Saluni 20:40
Nisamehe bibi. Sikujua.

Baba Rama 22:58
Nimesikia mama.

*Jumatano*

Mama Salma Katibu 06:05
Kwa neno la bibi, utaratibu mpya:
Jumamosi hii = ufa na zege. Saruji, mchanga na kokoto Fundi ataona.
Kumwagilia magunia asubuhi na jioni = zamu, naomba nyumba saba.
Tenki = Jumamosi inayofuata.
Choo cha Baba Rama = katikati hapo. Baba Rama siku gani?

Dada Neema Afya 07:15
Mpaka tenki lioshwe, kila nyumba itibu maji yake. Yachemke mpaka yatoe mapovu makubwa, au kidonge cha klorini cha ndoo ya lita 20, subirini dakika 30. Maji yakiwa na vumbi yachujwe kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, tope linakula dawa. Ndoo iwe na mfuniko na koki, asichovye mtu kikombe. Doto anaendelea vizuri, amekunywa uji.

Mama Kulwa 07:20
🙏🙏

Dada Neema Afya 07:22
Na tenki likishajazwa upya tutapima koki ya mwisho kwa kile kidonge kinachogeuza maji kuwa ya waridi. Tunataka miligramu 0.2 mpaka 0.5 kwa lita. Chini ya hapo hatujafanya kitu. Kipimo nitaazima zahanati, lakini lazima niwaambie tarehe mapema.

Mwl. Komba 07:50
Zamu ya magunia: Jumatatu na Jumanne niandikeni mimi. Ndani ya tenki pia nitaingia, yaishe.

Mudi Boda 07:52
Nilisema 😂 Kokoto nitabeba mimi, boda inatosha viroba vitatu kwa safari.

Fundi Chande 08:30
Viroba viwili Mudi. Ukivunja springi usije kudai kikundi.

Mama Salma Katibu 12:10
Baba Rama siku gani?

Mama Salma Katibu 17:45
Waliotoa elfu tano: Bibi Kidawa (katoa kumi), Mwalimu, Fundi, Mama Kulwa, Asha. Nyumba 14 bado. Zamu za magunia zimebaki tano.

Asha Saluni 17:51
Niandike Alhamisi.

Baba Rama 21:36
Nimeongea na wenye magurudumu matatu. Wanataka wapangaji wahame na vyombo vya uani siku hiyo, na nusu ya hela mbele. Nusu ninayo. Wapangaji wawili hawajalipa kodi, nawasubiri mwisho wa mwezi.

Mama Salma Katibu 21:38
Mwisho wa mwezi mvua si itakuwa imeshaanza?

Fundi Chande 21:41
Lile tundu azibe kesho. Hilo halingoji kodi, ni kopo moja la saruji.

Baba Rama 21:44
👍

Mzee wa Gereji 23:09
Nilikuwa safari. Hii Jumamosi ni ya tenki au ya zege? Nina buti za mvua pea mbili, nani anazihitaji?