Majirani wa Isevya, Tabora: Gumzo la kabla ya msimu wa 2024/25

Baba Shija: Shikamooni wazee wangu, na wengine wote habari za jioni. Ratiba ya Ligi Kuu imetoka, na Tabora United inaanzia ugenini dhidi ya Simba. Najua wapo watakaokata tamaa leo hii, lakini mimi nausubiri msimu huu kwa moyo wote. Timu iliyoshindwa na JKT Tanzania kwenye mchujo, kisha ikajikusanya na kuiondoa Biashara United ili ibaki Ligi Kuu, ina kitu ndani yake. Mtibwa Sugar na Geita Gold, wenye uzoefu kutuzidi, wameshuka.

Mwalimu: Marahaba, Baba Shija. Nami nina matumaini, ila kwa tahadhari. Rhino Rangers walipanda, wakacheza msimu wa 2013/14 na kushuka papo hapo, na mji huu ukakaa bila Ligi Kuu hadi 2023. Kuna vijana hapa mtaani waliokua bila kuiona ligi hiyo ikichezwa kwenye uwanja wetu wa Ali Hassan Mwinyi. Ndiyo maana kubaki kwetu nakuona ni jambo kubwa kuliko nafasi ya 14 tuliyomaliza nayo.

Mama Dotto: Naomba kuuliza kuhusu usajili. Msimu uliopita, timu ikiwa bado inaitwa Kitayosce, tulikwenda kwa Azam tukiwa na wachezaji wanane tu, kwa sababu usajili wa wengi ulikuwa haujakamilika. Tulikuwa tumeshafungwa manne mchezo ulipovunjika, maana waliobaki uwanjani hawakufika saba. Safari hii viongozi wamejipanga?

Baba Shija: Dada yangu, hapo ndipo matumaini yangu yanapoanzia. Siwaombi viongozi majina makubwa. Ninachoomba ni kwamba kila mchezaji aliyesajiliwa, hasa wanaotoka nje ya nchi, awe na leseni na vibali mkononi kabla timu haijapanda basi, kwa sababu mshambuliaji hodari asiye na kibali ni mtazamaji kama mimi. Jambo la pili ni nyumbani. Mechi 15 za hapa zina pointi 45. Tukishinda nane na kutoka sare nne tunapata 28, na hapo pointi chache za ugenini zinatosha kutuepusha na mchujo. Wageni wanafika hapa wamechoka kwa safari ndefu, basi tuwabane tangu dakika ya kwanza, si kusubiri tufungwe ndipo tuamke.

Mjumbe: Nyumbani ni pale tunapokuwa nyumbani kweli, Baba Shija. Simba au Yanga wakija, jukwaa zima la mzunguko linageuka jekundu au la kijani, na vijana wetu wanazomewa katika mji wao wenyewe.

Baba Shija: Ni kweli, Mjumbe, na jambo hilo linaniuma sana. Msimu uliopita nilisimama mzunguko, jua la saa kumi likituchoma usoni, nikamwona beki wetu wa pembeni akiokoa mpira juu kabisa ya mstari, akageuka kututazama, na waliompigia makofi tulikuwa wachache mno. Simlazimishi mtu aache timu ya utotoni mwake. Naomba tu kwamba kwa zile dakika 90, yule kijana aliyevaa jina la Tabora kifuani asikie sauti za watu wa Tabora.

Mama Dotto: Mimi ni Yanga tangu nikiwa msichana na sitahama. Hata hivyo nakuahidi, kaka yangu, kwamba siku Yanga wakija hapa nitakaa nanyi na kuwashangilia Nyuki, timu yetu ya Tabora United.

Mwalimu: Hiyo ni ahadi nzito, Mama Dotto, nami nimeiandika.

Mjumbe: Basi kwa mechi ya kwanza ya nyumbani, watakaokwenda wanitumie majina yao hapa ndani ya wiki hii, tukate tiketi za mzunguko kwa pamoja na tukae upande mmoja.

Baba Shija: Andika langu na la Shija, Mjumbe. Bibi yake naye amesema anakwenda.