Adabu za mwigizaji wa ziada awapo lokesheni

Swali: Wakuu, nimeitwa kuwa mwigizaji wa ziada katika tukio la sokoni la tamthilia inayorekodiwa Dar es Salaam. Naomba kujua mwenendo unaotarajiwa.

Jibu: Ndugu, wahi, jiandikishe kwa msaidizi wa mwongozaji, kisha ufuate maelekezo yake. Kamera ikianza, usiitazame. Chambua nyanya na uchezeshe midomo kana kwamba unapatana bei, lakini sauti isitoke, kwa kuwa vinasa sauti vinachukua maneno ya wahusika wakuu, na kelele za soko huongezwa baadaye. Tukio likirudiwa, kumbuka kikapu ulikishika kwa mkono upi na ulianza kutembea neno gani liliposemwa, maana mhariri ataunganisha vipande hivyo.

Jibu: Niongeze kuhusu mavazi: epuka nguo nyeupe, zenye mistari myembamba au nembo za kampuni. Picha za lokesheni usizirushe mtandaoni. Kwa maoni yangu, hilo huwaudhi watayarishaji kuliko hata kuchelewa.

Muulizaji: Nashukuru sana. Suala la malipo nimwulize nani?

Jibu: Aliyekuita, tena kabla ya siku ya kazi, si mwongozaji katikati ya tukio.