Naomba ushauri: agizo la chama na dhamiri ya Mkristo

Ndugu wapendwa katika Kristo, nawasalimu kwa heshima.

Mimi ni mzee wa kanisa na pia mwanachama wa chama cha siasa kwa miaka 11, na kwa muda wote huo sikuona mgongano wowote kati ya mambo haya mawili. Sasa viongozi wa tawi letu wanatutaka wanachama tueneze tuhuma dhidi ya mgombea wa upande wa pili, tuhuma ambazo mimi binafsi najua kuwa ni za uongo, na anayekataa huitwa msaliti.

Nimezungumza faragha na mwenyekiti wa tawi, akanijibu kwamba siasa haina uhusiano na ibada. Mchungaji wangu alinisomea Warumi 13 kuhusu kutii mamlaka, lakini sura hiyo, kwa jinsi ninavyoielewa, inahusu serikali na si chama, na Matendo 5:29, inayosema imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu, inaweka mpaka hata kwa utii huo. Najua pia kwamba Mathayo mtoza ushuru na Simoni Zelote, ambaye jina lake huhusishwa na waliopinga utawala wa Kirumi, waliketi pamoja miongoni mwa wale Thenashara, mitume kumi na wawili wa Yesu, ingawa sidhani kama walikubaliana kuhusu kodi ya Kaisari.

Naomba kuuliza: je, inatosha kukataa agizo hili na kubaki mwanachama, au kubaki kwangu ni kushiriki uongo huo? Na je, nijiuzulu uzee wa kanisa hadi uchaguzi upite, ili waumini wa vyama vingine wasikwazike?