Nafasi mbili za utafiti wa sayari-nje: kuwinda mipito au kuchunguza nyota mama?

Mwanamwezi (mwanzisha mada)
Habari zenu wanajukwaa. Nimekubaliwa katika nafasi mbili za utafiti wa uzamivu na muda wa kujibu unayoyoma. Ya kwanza ni ya kutafuta sayari-nje mpya, yaani sayari zinazozunguka nyota nyingine mbali na Jua, katika data za darubini ya angani ya TESS, kwa kupima namna mwanga wa nyota unavyofifia sayari inapokatiza mbele yake (huo ndio mpito). Ya pili ni ya kuchambua spektra, yaani mwanga uliotawanywa katika rangi zake, za nyota ambazo tayari zinajulikana kuwa na sayari (nyota mama), ili kupata halijoto, kemia, ukubwa na umri wake. Ya kwanza ni rahisi kumsimulia mtu akavutiwa. Ya pili nahisi ndiyo yenye mizizi. Naomba mnieleze kazi yenyewe ilivyo, achilia mbali sifa za vyuo.

Kimondo77
Ndugu, mimi nipo upande wa mipito. Data za TESS, kilichorushwa mwaka 2018, ziko wazi kwa kila mtu, hivyo hutasubiri kamati ikugawie usiku wa darubini. Utajifunza kuandika programu na utapata takwimu za kweli, ujuzi usioozea mikononi hata ukiacha falaki.

Ila usidhani kwamba utakuwa ukigundua sayari kila siku. Sehemu kubwa ya kazi ni kukataa. Pikseli moja ya TESS ina upana wa sekunde 21 za tao (kipimo cha pembe angani; sekunde 3,600 ni digrii moja), kwa hiyo nyota kadhaa huweza kumwaga mwanga wao mahali pamoja, na mfifio unaoudhania kuwa wa sayari ukawa wa nyota pacha zinazofunikana pembeni. Hata sayari ikiwa ya kweli, nyota mbili zenye mwangaza sawa zikichanganyika, kina cha mpito hupungua kwa nusu, nawe utaitangaza sayari iliyo ndogo kuliko ilivyo.

Spektra_Taratibu
Mwenzangu Kimondo77 amemaliza pale ambapo mimi ningeanzia. Mpito haukupi ukubwa wa sayari. Unakupa uwiano wa sayari kwa nyota yake. Nusukipenyo cha nyota kikikosewa kwa asilimia 10, cha sayari nacho kimekosewa kwa asilimia 10, na densiti, inayotegemea nusukipenyo kwa kipeo cha tatu, inapotoka kwa robo nzima au zaidi. Hapo huwezi tena kusema kwa uhakika kama sayari ni ya mwamba au imefunikwa na gesi nene.

Mfano ninaoupenda ni wa mwaka 2017. Mipito iliyonaswa na darubini ya angani ya Kepler ilikuwa imekwisha kupimwa, na watu wengi waliona mtawanyiko wa kawaida tu wa sayari ndogo. Kikundi kilichotumia darubini ya Keck kilichukua spektra za nyota mama zaidi ya 1,300, kikasahihisha ukubwa wake, na papo hapo likajitokeza pengo: sayari zenye nusukipenyo cha kati ya mara 1.5 na 2 cha Dunia ni chache kuliko zile za pande zote mbili. Maelezo yanayotajwa zaidi ni kwamba baadhi ya sayari hupoteza angahewa lake na kubaki kiini kitupu. Pengo lilikuwamo ndani ya data muda wote, limefichwa na nyota zilizopimwa vibaya. Kwa maoni yangu hoja hiyo peke yake inatosha kuichagua nafasi ya pili.

Bi_Zuhura
Nakubaliana na Spektra_Taratibu, lakini Mwanamwezi, uliza kwanza ni nyota za aina gani. Zinazofanana na Jua zina mistari ya spektra inayosomeka vizuri. Nyota kibeti nyekundu, yaani nyota ndogo zenye joto la chini kuliko Jua, kama TRAPPIST-1 yenye sayari 7, zina molekuli nyingi mno, mistari hupandana, na mifano ya nadharia bado inasuasua. Isitoshe, madoa ya nyota hizo huacha alama zinazoweza kudhaniwa kuwa za angahewa la sayari, hata kwa darubini ya James Webb.

Upimaji wa kasi, yaani kutafuta sayari kwa kupima jinsi inavyoitikisa nyota yake, nao una mtego wake. Dunia hulitikisa Jua kwa takriban sentimita 9 kwa sekunde, ilhali uso wa Jua wenyewe huchemka kwa kasi kubwa zaidi ya hiyo. Sayari Gliese 581 d ilitangazwa mwaka 2007 kwa njia hiyo. Mwaka 2014 uchambuzi mpya ulionyesha kwamba ishara ile ilitokana na shughuli za nyota yenyewe.

Kimondo77
Hayo sina ubishi nayo. Hata hivyo spektra nzuri huhitaji darubini kubwa, na ombi likikataliwa mwaka unapotea. Huo ndio wasiwasi wangu, wala si thamani ya kazi.

Mwanamwezi
Asanteni sana. Tangazo la nafasi ya pili linataja nyota zinazofanana na Jua, pamoja na maandalizi ya PLATO, chombo cha Ulaya chenye kamera 26 kilichoundwa kupima mipito na mitetemo ya nyota kwa pamoja. Nimemwandikia msimamizi kumuuliza kama spektra za miaka miwili ya kwanza ziko tayari kwenye hifadhi au bado zinaombewa muda wa darubini. Akijibu kwamba zipo, nakubali nafasi hiyo.