Kumbe lugha ya alama si moja dunia nzima?

mtu_wa_nungwi
Asalaam aleikum jamani. Nna suali, msinicheke. Mie nafanya kazi hoteli huku Nungwi, na binamu yangu kiziwi, kasoma skuli mjini, alama anazijua barabara. Wiki iliopita kaja mgeni wa kike kutoka Uingereza nae kiziwi, nikajisemea leo binamu kapata mwenzake, nikamwita mbio mbio akaja na boda. Wakaanza kupeleka mikono, hata dakika mbili hazijesha wote washakunja uso. Yule mama kutaja jina lake herufi kwa herufi anatumia mikono miwili, binamu mkono mmoja tu. Mie siku zote nikijua alama ni moja, kunywa si kunywa tu? Kwani waliozitengeneza walishindwa nini kutengeneza moja?

skuli_na_chaki
Waaleikum salaam. Hakuna aliekaa akazitengeneza yakhe, hapo ndo ulipokosea. Lugha ya alama inazaliwa viziwi wakikutana wengi pahala pamoja, na mara nyingi pahala penyewe skuli. Nicaragua kule mpaka miaka ya 1970 watoto viziwi wengi walikuwa majumbani, kila mmoja na vialama vyake na mamake, zilipofunguliwa skuli pale Managua walimu wakawa wanawafundisha kusoma midomo ya watu, wapi! watoto wenyewe wakicheza na kwenye basi wakajenga lugha yao, na wadogo waliokuja nyuma wakaifanya ngumu zaidi hata wakubwa zao wakawa hawawafikii.

Na la mgeni wako, Marekani na Uingereza wote wanasema Kiingereza lakini viziwi wao hawaelewani. Skuli ya viziwi ya Hartford kule Marekani ilifunguliwa 1817 na mmoja wa waanzilishi alikuwa Laurent Clerc, kiziwi wa Kifaransa, kaja na alama za kwao, kwa hiyo Mmarekani kiziwi ana udugu na Mfaransa. Muingereza ukoo wake Australia na New Zealand, na wote hao wanaandika herufi kwa mikono miwili.

pweza_wa_forodhani
Mimi bado sijaelewa, kula si unapeleka mkono mdomoni, mtu yeyote anajua, hata bubu

skuli_na_chaki
Unapeleka mkono vipi? Weye unafinya tonge, Mjapani alama yake ya kula anashika vijiti viwili vya kulia wali. Na huyo huyo Mjapani akitaka kusema kaka anainua kidole cha kati, hebu kifanye hicho Darajani uone utakavofukuzwa 😂. Haya niambie alama ya "Jumanne" ikoje, au "labda", au "shemeji". Hapo hakuna cha kuigiza, lazima watu wakubaliane, na kila watu wamekubaliana kivyao.

mama_wa_wete
Mie nnae mwanangu kiziwi, miaka saba hakuenda skuli maana huku kwetu Pemba shamba na mie nlikuwa sijui pa kumpeleka. Tukawa na vyetu vya nyumbani, karafuu anasugua kiganja kama anachambua, bibi yake anavuta mtandio, baharini anayumba. Alipoanza skuli akanirudia siku moja na alama mpya ya bibi, nkamwambia hapana bibi ni hivi, akanitazama kama mie ndo mshamba 😅 nlilia kidogo nisiseme uongo. Sasa mie ndo mwanafunzi wake. Na nyie mnaosema "bubu" acheni, wanajiita viziwi, hawapendi jina hilo.

pweza_wa_forodhani
Samahani bimkubwa. Ila sasa si wafundishwe tu ya Kimarekani wote yaishe?

skuli_na_chaki
Yalishafanywa hayo nusu nusu. Andrew Foster, Mmarekani mweusi na kiziwi mwenyewe, alifungua skuli Accra 1957 na ndo alama za Kimarekani zikatapakaa Afrika Magharibi. Lakini hata zikifika zinageuka, zinakula chakula cha pale. Na watu wanataka yao: Kenya katiba ya 2010 imeweka Lugha ya Alama ya Kenya kuwa moja ya lugha za Bunge, Afrika Kusini yao ikawa lugha rasmi ya 12 mwaka 2023. Sie tuna Lugha ya Alama ya Tanzania na humo humo kuna lahaja, aliesoma Tabora, ambako skuli ya viziwi ipo toka 1963, hafanyi kila kitu sawa na mtoto wa Unguja. Kama Kimakunduchi na Kiswahili cha mjini tu.

mtu_wa_nungwi
Ahsanteni. Sikumalizia lakini. Walikunja uso wee, kisha yule mama akachora na kijiti mchangani, binamu akamuonesha alama, akaiga, kufika alasiri wanacheka wawili peke yao, kashajua ana watoto wangapi na mume kafa lini, na mie niliesoma Kiingereza miaka yote hiyo nimeambulia namba ya chumba. Nataka kujifunza kweli, niende wapi?

mama_wa_wete
Ulizia CHAVIZA, chama cha viziwi Zanzibar. Ila mwalimu unae nyumbani mwanangu. Jina la alama keshakupa? Hawakuiti kwa herufi, wanakutazama ulivo wanakupa lako.

mtu_wa_nungwi
Kumbe lile ndo jina! Kila akinielekezea watu anafungua na kufunga vidole kama mdomo wa bata 😭